"Inawaka" Si "Inarusha": Lipa Bei ya Haki kwa Transmita ya Zamani

Saa tatu usiku ujumbe unaingia kwenye simu yako: "Boss, niko na Yaesu ya mzee, FT-101E, iko fiti, inawaka. 50k, bei ya kuongea. Kuna mtu mwingine anaitaka kesho asubuhi. Tuma 10k nikushikie." Chini yake kuna picha mbili. Sanduku la chuma, vitufe vingi vya kuzungusha, kioo cha mbele kimewaka taa. Inapendeza kweli.

Kama umewahi kununua kitu cha mtumba kwa simu, lugha hiyo unaijua. Ni ile ile ya pikipiki, ya jenereta, ya amplifaya ya kanisa. Lakini kwenye redio za zamani za kurusha mawimbi kuna neno moja linaloweza kukugharimu makumi ya maelfu, nalo ni hilo "inawaka".

Leo tunaeleza mambo mawili yanayoenda pamoja: jinsi ya kujua bei ya haki ya transmita ya zamani, na jinsi ya kuilipa kwa simu bila kuumia. Kanuni yetu ni fupi: pesa ifuate ushahidi. Ushahidi ukiwa kidogo, pesa kidogo. Ushahidi ukikamilika, lipa yote na upeane mkono. Hata kama hutawahi kununua redio maishani, endelea kusoma. Hesabu iliyo hapa chini inafaa kwa mashine yoyote kuukuu.

Kwanza, hiki ni kitu gani?

Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya watu binafsi wenye leseni, wanaoongea kwa mawimbi ya redio kwa kupenda tu: kujifunza, kujaribu mitambo, kupata marafiki nchi za mbali, na kusaidia mawasiliano wakati wa dharura. Hakuna bando wala laini ya simu. Mtu akiwa na waya mzuri juu ya paa anaweza kuongea na Japani au Marekani kutoka Nyeri. Kila mwenye leseni hupewa alama yake ya mwito. Za Kenya huanza na 5Z4. Kabla ya uhuru zilianza na VQ4. Ukikuta redio ya zamani pamoja na bahasha ya kadi zenye VQ4, ujue uko nyumbani kwa mtu aliyekuwa hewani tangu enzi za ukoloni.

Transmita ni mtambo unaorusha mawimbi hayo. Ikiunganishwa na kipokezi ndani ya sanduku moja, huitwa transiva. Za zamani, hasa za miaka ya 1950 hadi 1970, zinatumia valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazotoa mwanga wa rangi ya chungwa zikipata moto. Majina utakayoyasikia ni Collins, Heathkit na Drake za Marekani, na Yaesu na Kenwood za Japani. Watu huzitafuta kwa sababu sauti yake ni tamu, fundi anaweza kuzifungua na kuzielewa, na nyingine ni kumbukumbu ya mzazi.

Hapa Kenya kuna pia redio za HF zilizotumika mashambani, kwenye misheni na hospitali za mbali kabla ya simu za mkononi kufika. Flying Doctors, iliyoanzishwa 1957, ilitegemea sana mtandao wa redio za namna hiyo. Redio hizo za kazi zilipangwa kwa masafa maalumu ya wenyewe. Muuzaji anaweza kukuambia kwa nia njema kwamba "ni ile ile tu". Si ile ile. Redio ya kazi yenye chaneli chache zilizofungwa haikufai kwa redio ya ridhaa bila kufanyiwa kazi, kwa hiyo isilipiwe bei ya redio ya ridhaa.

Leseni kabla ya mashine

Kabla ya kuuliza bei, jiulize kama una leseni. Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa kwa sheria ya Kenya, na wanaosimamia masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano. Anza kwao, kisha jitambulishe kwa Amateur Radio Society of Kenya, chama cha wana-redio wa ridhaa nchini. Huko utakutana na watu wanaozijua mashine hizi kwa majina, na mmoja wao akikubali kwenda nawe kuangalia redio, amekuokolea pesa nyingi.

Leseni ina faida nyingine wakati wa kununua. Muuzaji makini hataki kumpa mtambo mtu atakayeingilia masafa ya ndege au ya polisi. Ukimwonyesha kwamba unajua unachofanya, mazungumzo ya bei huwa mepesi.

"Inawaka" maana yake nini hasa?

Maana yake ni kwamba umeme umeingia na taa imewaka. Basi. Taa ya mbele ni balbu ndogo tu. Inaweza kuwaka vizuri ilhali valvu za kurushia zimekufa miaka 20 iliyopita.

Redio ya namna hii ina ngazi tatu za uzima. Ya kwanza, inawaka. Ya pili, inashika, yaani ukiiwekea antena unasikia stesheni. Ya tatu, inarusha, yaani ukibonyeza maikrofoni nguvu inatoka kweli, kwenye kila bendi, na sauti inasikika safi upande wa pili. Wauzaji wengi hawana nia mbaya. Wameikuta stoo, wakaichomeka, ikawaka, wakafurahi. Lakini wewe unanunua transmita. Ukilipa bei ya ngazi ya tatu kwa mashine iliyo ngazi ya kwanza, umelipia taa.

Tena kuna hatari katika kule kuichomeka tu. Ndani kuna kapasita za kuhifadhi umeme ambazo hukauka zikikaa miaka bila kutumika. Ukizipa volti 240 kwa mpigo zinaweza kupasuka na kuharibu transfoma, na transfoma ndiyo roho ya mashine. Redio iliyolala miaka mingi ikaguliwe na fundi kwanza, na apandishe volti polepole. Kwa hiyo ukisikia "haijawashwa tangu mzee afariki", mwambie muuzaji aiache hivyo hivyo mpaka mtu anayejua afike.

Mambo matano yanayobeba bei

Valvu za mwisho. Hizi ndizo zinazosukuma nguvu kwenda kwenye antena, na ndizo huchoka. FT-101E hutumia jozi ya 6JS6C. Valvu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni, na televisheni za valvu zilipokwisha, viwanda viliacha kuitengeneza. Kilichobaki duniani ni akiba, na akiba hupanda bei. FT-101ZD, ndugu yake mdogo, hutumia 6146B, valvu iliyowekwa kwenye redio nyingi na ambayo ni rahisi zaidi kupatikana. Uliza ni valvu gani, zilibadilishwa lini, na kama kuna za akiba. Sanduku lenye jozi mpya ya 6JS6C ni pesa taslimu.

Pawa saplai. Baadhi ya redio zinabeba yake ndani. Nyingine zinahitaji sanduku la pembeni, na bila sanduku hilo haziwaki kabisa. Collins 32S-3 inahitaji 516F-2. Heathkit HW-101 inahitaji HP-23. Ukiona moja ya hizi inauzwa bei rahisi, hesabu masanduku kwenye picha. Kilichokosekana ndicho kilichoshusha bei, na wewe ndiye utakayekitafuta.

Umeme. Marekani hutumia volti 120 na masafa ya 60. Sisi tuko 240 na 50. Redio iliyotengenezwa kwa soko la Marekani pekee inahitaji transfoma ya kushusha volti, na transfoma yake ya ndani inaweza kupata moto zaidi kwa umeme wa 50. Yaesu na Kenwood nyingi za zama hizo zinaweza kupangwa kwa volti tofauti, zikiwemo 220. Lakini kwamba zinaweza kupangwa haimaanishi zimepangwa. Fundi aangalie kabla plagi haijagusa ukuta.

Bendi. Mkutano wa kimataifa wa redio wa 1979 uliongeza bendi tatu kwa wana-redio wa ridhaa: mita 30, mita 17 na mita 12. Redio iliyotengenezwa kabla ya hapo, kama FT-101E, hairushi kwenye bendi hizo. Si ubovu, ni umri. Ila kama unataka kufika huko, usilipe bei ya redio inayofika.

Mikono iliyotangulia. Heathkit ziliuzwa vipande vipande, mnunuzi akaziunganisha mwenyewe nyumbani. Ndiyo maana mbili za aina moja zinaweza kuwa tofauti kama usiku na mchana: moja ilichomelewa risasi na mtu mtulivu, nyingine na mtu aliyekuwa na haraka ya kula. Collins, Yaesu na Kenwood zilitoka kiwandani zimekamilika, lakini nazo zimepita kwa mafundi wengi. Tundu lililotobolewa mbele, waya wa ziada usio na maelezo, skrubu zinazokosekana: kila kimoja kinashusha bei. Kitabu cha maelekezo na maikrofoni yake halisi vinapandisha.

Jambo moja zaidi kuhusu wati. Muuzaji akikuambia Kenwood TS-520 yake ni ya wati 200, hajadanganya. Vitabu vya zamani vilitaja nguvu inayoingia kwenye valvu za mwisho, si ile inayotoka kwenda kwenye antena. Inayotoka huwa karibu nusu au zaidi kidogo. Kwa hiyo ukipima ukapata 90 au 100, usipige kelele kwamba umeibiwa. Na ukipata 30, usikubali kuambiwa "ndiyo kawaida yake".

Jaribio la dakika 20

Unahitaji mtu mwenye ujuzi, kipimo cha wati, na mzigo wa majaribio wa omu 50, yaani kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena ili msisumbue mtu hewani. Kurusha bila antena wala mzigo kunaweza kuua valvu hapo hapo, hata kama mlikuta nzima.

Usifungue sanduku mwenyewe. Ndani kuna volti mia kadhaa, na kapasita hushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme huo umeua mafundi wazoefu.

Redio ikishakaguliwa na kuwashwa, valvu zipewe muda zipate moto. Halafu mjaribu bendi moja baada ya nyingine: kurekebisha vitufe, kurusha kwa sekunde chache zisizozidi 10, kusoma kipimo, kupumzika. Andika namba kwenye karatasi, au piga picha ya kipimo kwa kila bendi. Mwisho, mtu mwingine asikilize sauti yako kwenye kipokezi kingine.

Kusoma majibu si kazi ngumu. Nguvu ikiwa nzuri kila mahali na kushuka kidogo kwenye mita 10, hiyo ni kawaida kwa redio nyingi za valvu. Ikiwa chini kwenye bendi zote, valvu zimechoka au mashine haijapangwa vizuri. Bendi moja ikiwa kimya na nyingine nzima, huenda swichi ya bendi ni chafu au kristali ya bendi hiyo imekufa. Kila jibu lina gharama yake, na sasa unaweza kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe

Bei iliyo kwenye tangazo ni ombi tu. Bei ya soko ni ile ambayo mtu alilipa kweli. Waulize wana-redio watatu au wanne: "Mliuza au kununua yenu kwa ngapi, na ilikuwa na hali gani?" Hapo ndipo pa kuanzia. Halafu:

Bei ya mashine nzima inayorusha, toa matengenezo, toa vitu vinavyokosekana, toa usafiri, toa akiba ya hatari. Kinachobaki ndicho kiwango chako cha juu kabisa.

Tuchukue ile FT-101E ya ujumbe wa saa tatu usiku. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako. Tuseme nzima kabisa, watu wanalipana Sh65,000. Wewe hujaijaribu, unachojua ni kwamba "inawaka". Basi inabidi uhesabu kana kwamba valvu zimekufa:

Valvu mbili pamoja na kuzisafirisha: Sh15,000
Kapasita na kazi ya fundi: Sh8,000
Maikrofoni na nyaya zinazokosekana: Sh4,000
Usafiri: Sh1,500
Akiba ya hatari ya mambo usiyoyaona, asilimia 10: Sh6,500

Jumla ni Sh35,000. Ukitoa kwenye 65,000 unabaki na Sh30,000. Hicho ndicho kiwango chako. Muuzaji anataka 50,000. Mko mbali.

Sasa mfanye lile jaribio la dakika 20. Redio inarusha vizuri kila bendi. Gharama ya valvu imeondoka. Hatari imepungua, tuseme unabakiza Sh1,500 tu. Kapasita bado unataka zibadilishwe kwa sababu ya umri, maikrofoni bado haipo, na usafiri uko pale pale. Jumla ni 8,000, na 4,000, na 1,500, na 1,500, yaani Sh15,000. Ukitoa kwenye 65,000 unapata Sh50,000 kamili.

Angalia kilichotokea. Redio ni ile ile, muuzaji ni yule yule, bei ni ile ile. Kabla ya jaribio, 50,000 ilikuwa ghali kwa Sh20,000. Baada ya jaribio, ni bei ya haki. Kilichobadilika ni ushahidi tu. Ndiyo maana muuzaji anayekataa redio isijaribiwe anajipunja mwenyewe, au anajua jambo ambalo wewe hulijui.

Haki ni ya pande mbili

Mara nyingi redio hizi huuzwa na familia baada ya mwenyewe kufariki. Mjane au mtoto hajui kama kile chuma cha stoo ni cha Sh5,000 au cha 50,000. Wapo wanaofika, wakatikisa kichwa, wakasema "hii ni scrap, Mama, nitakutolea tu uchafu nyumbani", kisha wakapakia gari.

Hiyo si bei ya haki hata kama mama amekubali. Mwonyeshe hesabu yako. "Mama, ikiwa nzima watu hulipana hivi. Hii inahitaji valvu, na fundi atataka kadhaa. Ukitoa hizo, naweza kukupa hivi. Ukitaka, muulize na mtu mwingine kwanza." Atakayesikia hivyo hatakuwa na haraka ya kukufukuza, na huenda akakumbuka kwamba kuna sanduku jingine la valvu chini ya kitanda. Na wewe hutakuwa na wasiwasi wa kukutana na mwanawe kesho.

Uliza pia kama anayeuza ana haki ya kuuza. Kwa mali ya marehemu, ni vizuri zaidi ya mtu mmoja wa familia awepo au athibitishe kwa ujumbe. Ndugu wasioelewana huwa hawakumbuki hesabu yako, wanakumbuka kwamba wewe ndiye uliyeondoka na redio ya baba.

Sasa pesa

Kwanza ile "tuma 10k nikushikie". Usitume kwa picha. Omba video ya moja kwa moja: redio ikionyeshwa nyuma na mbele, namba yake ya kiwandani ikisomwa, na karatasi yenye tarehe ya leo ikiwekwa juu yake. Mwenye redio atachukua dakika mbili. Asiye nayo atakuwa na sababu kumi: simu haina chaji, redio iko kwa binamu, yuko kazini. "Mtu mwingine anaitaka kesho" si sababu ya kutuma, ikichukuliwa, imechukuliwa.

Kama ni lazima utangulize kitu, kwa mfano muuzaji anamlipa fundi aje kuwasha, tuma kiasi ambacho kikipotea hutalala njaa. Andikianeni ujumbe kabla: ni cha nini, na kitarudi vipi redio isipojaribiwa.

Siku ya kununua, lipa mkiwa pamoja, baada ya jaribio. Kabla hujaweka PIN yako, soma jina la mpokeaji linalotokea kwenye simu, ulinganishe na kitambulisho cha mtu aliye mbele yako. Akisema "tuma kwa hii namba ya beshte yangu", simama. Si kosa kuwa na rafiki, ila ukidai baadaye utamdai nani?

Kubalianeni mapema ni nani anabeba ada ya kutoa. "50 na ya kutoa" si sawa na "50". Ni jambo dogo, lakini limevunja maelewano mengi mlangoni. Angalia pia kikomo chako cha siku, usije ukakwama na nusu ya pesa jioni mkiwa kijijini.

Kama wewe ndiye muuzaji, usitoe redio kwa sababu umeonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi, wala kwa ujumbe ulioingia kwako kutoka namba usiyoijua. Angalia salio lako mwenyewe. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote, salio halidanganyi.

Mkishalipana, andikeni karatasi moja: majina na namba za vitambulisho, aina ya redio na namba yake ya kiwandani, hali yake ("imejaribiwa bendi zote" au "haijajaribiwa"), kiasi, na namba ya muamala. Kila mmoja apige picha.

Kuna jambo tunaulizwa kila mara: "Si naweza kurudisha muamala redio ikiwa mbovu?" Kurudisha muamala kumewekwa kwa waliotuma kwa namba isiyo sahihi. Si bima ya bidhaa. Ulimtumia mtu uliyemkusudia, kiasi ulichokubali. Huko nyuma simu haiwezi kukurudisha. Ulinzi wako ni lile jaribio na ile karatasi. Na mtu akikupigia akidai ni wa huduma kwa wateja na anataka PIN ili "aachilie malipo ya redio", kata simu. Sisi hatukuulizi PIN, leo wala kesho.

Redio iko mbali?

Ikiwa iko Eldoret na wewe uko Mombasa, nauli ya mtu unayemwamini kwenda kuijaribu ni nafuu kuliko kubahatisha. Ukishindwa, mwombe mwana-redio wa huko aende kwa niaba yako na umlipe muda wake. Pesa ya redio itumwe akiwa amesimama mbele yake. Kwa kusafirisha kwa basi, valvu za mwisho zitolewe na fundi na zifungwe peke yake kwenye sponji, na sanduku lizungushiwe godoro la kutosha. FT-101E ina uzito wa karibu kilo 15, na sehemu kubwa ni transfoma. Ikidondoka, chuma hicho huvunja kila kitu kilicho karibu nacho.

Kununua kutoka nje kuna hesabu zaidi. Heathkit DX-100 ina uzito wa karibu kilo 45. Nauli yake ya ndege inaweza kuzidi bei ya redio yenyewe. Ongeza ushuru wa forodha, ada za kuingiza bidhaa, VAT ya asilimia 16, na transfoma ya kushusha volti. Zungumza na wakala wa forodha kabla ya kulipa, na hakikisha na Mamlaka ya Mawasiliano kwamba mtambo unaruhusiwa kuingia. Redio iliyozuiliwa bandarini haina bei ya haki. Ina gharama za kuhifadhi tu.

Kabla hujabonyeza Tuma

Jiulize maswali haya sita. Nina leseni, au niko njiani kuipata? Nimeiona redio yenyewe, si picha? Imerusha mbele yangu au mbele ya mtu ninayemwamini, na namba nimeziandika? Nimefanya hesabu, na najua kiwango changu cha juu? Jina kwenye simu ni la mtu huyu? Kama hesabu hii ningemwonyesha muuzaji, ningeona aibu?

Majibu yakiwa sawa, lipa bei kamili bila kunung'unika. Kama moja halijakaa vizuri, weka simu mfukoni, kunywa chai, mpigie kesho. Redio iliyokaa stoo miaka 30 itakungoja usiku mmoja zaidi.